Siagi Niliyoidharau

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, nakupa yaliyopita kwa kifupi, halafu usinisumbue tena.

Baba yangu, John Rory, ana miaka themanini na minne. Thelathini na tisa kati ya hiyo aliitumia kuchimba makaa chini ya bahari, hapa hapa kwenye kisiwa chetu cha Cape Breton, Kanada, na vumbi la makaa bado limo mapafuni mwake. Wiki tatu zilizopita alianguka bafuni. Mdogo wangu Coletta akapanda ndege kutoka Alberta, upande wa pili wa nchi, akaingia jikoni kwangu na sanduku lake la magurudumu, na kabla hajavua koti akatangaza kwamba mzee anapelekwa nyumba ya wazee.

Tuligombana siku nne. Mwisho tukakubaliana. Mkaguzi kutoka ofisi ya huduma za wazee aje Ijumaa saa saba mchana. Akimkuta baba analala usiku na akili yake imetulia, atabaki kwangu, kitandani kwake, karibu na dirisha lake. Akimkuta anaweweseka, atakwenda huko wanakowaosha wazee kwa zamu.

Sasa, Jumatatu ya wiki hiyo, baba alikuwa hajalala usiku wa tisa. Ni miguu, inamuuma. Akimeza vidonge vya daktari, anaanza kuongea na wachimbaji wenzake waliokufa zamani, anawaambia wapishe toroli. Asipomeza, analia. Umeshawahi kumsikia mwanamume wa umri ule analia kwa sauti ya chini ili binti yake asimsikie? Mimi nilikuwa namsikia kila usiku.

Hapo ndipo alipoingia Blaise.

Blaise ni kitinda mimba wetu. Ana miaka hamsini na miwili na kichwa cha panzi. Kila kitu anachokijua kakitoa kwenye simu, na anakijua nusu. Nyuma ya nyumba yake amepanda bangi, mimea minne, kwa sababu sheria yetu inaruhusu minne kwa kila kaya. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumwona analifanya kwa kufuata sheria.

"Dada, baba ajaribu hii," akasema, na mfuko umemjaa mkononi.

"Avute? Na mapafu yale? Una wazimu wewe."

"Si kuvuta. Kula, kwenye siagi. Hata yule nesi wa kliniki alisema, kama mzee anataka kujaribu, asivute, na aanze na kidogo."

Ni kweli nesi alisema. Aliniambia hata mimi, nikajifanya sikusikia.

Tukamuuliza baba mwenyewe. Akatutazama kwa macho mekundu.

"Hata mkinipa kinyesi cha ng'ombe, nitakula," akasema. "Nataka kulala."

Basi Jumanne asubuhi Blaise akaja kupika. Jikoni kwangu, kwa sababu oveni yake ameifanya kabati la viatu.

"Haiwekwi tu kwenye siagi," akaanza kunifundisha. Mimi! Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na huyu anakuja kunifundisha. "Ikiwa mbichi haifanyi kitu. Lazima kwanza uipashe moto kavu kavu kwenye oveni, nguvu yake iamke. Ndipo unaichemsha kwenye siagi."

"Moto kiasi gani?"

Akatoa simu. "Huyu anasema nyuzi mia na tano, saa nzima. Huyu mia na ishirini, dakika arobaini. Huyu mia na hamsini, dakika kumi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ya katikati."

Nilijua tu. Mpe Blaise njia tatu, atachukua ya katikati, kisha atakueleza kwa nini ndiyo ya wenye akili. Nikageukia sinki nikaendelea kuosha sufuria zangu.

Akainama mbele ya oveni. Akazungusha kitufe, akakirudisha, akakizungusha tena.

"Dada, oveni yako haina mia na ishirini. Inaanzia mia na sabini."

Sikumjibu.

"Basi naweka hiyo ya chini kabisa. Imezidi kidogo tu, haitaungua."

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili nalikiri leo kwa mara ya kwanza. Huku kwetu baridi ya nje tunaipima kwa Selsiasi, lakini oveni zetu zinahesabu kwa Farenhaiti, na hakuna anayejua nani alituloga. Simu ya Blaise ilikuwa inasema Selsiasi. Mia na ishirini ya simu ni kama mia mbili na hamsini ya oveni yangu. Ile mia na sabini aliyoiweka haiivishi chochote. Kiwandani tulikuwa tunaitumia kuweka mikate isipoe.

Nilijua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, mikono imejaa povu, na nilijua kabisa. Nikanyamaza.

Nilitaka aumbuke. Nilitaka Coletta aone, baba aone, kila mtu aone kwamba Blaise ni Blaise. Nikamwacha akae dakika arobaini mbele ya kioo cha oveni anachungulia. Kisha akatia majani yale kwenye siagi, tena majani mengi, nusu ya mavuno yake yote, akachemsha taratibu, akachuja, akajaza kopo zima la siagi ya kijani. Akaandika juu yake kwa kalamu nene: YA BABA.

Chakula cha jioni baba akapakiwa vijiko viwili kwenye mkate. Akala akamaliza, akalamba na kisu.

Hakusinzia hata dakika. Usiku wa kumi.

Asubuhi nilipompelekea uji, alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili.

"Siagi nzuri," akasema. "Ila miguu haijapata habari."

Ningekuwa na haya, ningeumia hapo hapo. Mimi nilikwenda mlangoni kumngojea Blaise. Alipofika na kuuliza mzee kalalaje, nikamcheka mpaka jirani akafungua dirisha.

"Mpishi mkuu," nikamwambia. "Umempa baba mkate na majani ya mbuzi."

"Nilifuata maelezo, dada."

"Ulifuata maelezo ya nyuzi za watu wengine. Hukujua hata oveni ya kwenu inahesabuje. Miaka hamsini na miwili, Blaise."

Akatazama oveni, akatazama simu. Nikamwona anaelewa pole pole.

"Kumbe ulijua?"

"Mimi ninajua oveni. Wewe unajua nini?"

Alikaa kwenye kiti, akavua kofia. Coletta, ambaye alikuwa anakunywa maji yake ya ndimu dirishani, akabetua midomo.

"Endeleeni," akasema. "Zimebaki siku mbili. Kule nimeshaulizia, wana chumba kinachotazama maegesho."

Maegesho ya magari. Baba yangu atazame maegesho.

Nikamnyang'anya Blaise mfuko wake na majani yaliyobaki. Nikafunga aproni yangu ya kiwandani, ile nyeupe. Kama ni kuoka, sasa waoke wanaojua.

"Tutumie ya mia na hamsini," Blaise akasema. "Dakika kumi tu. Siku zimekwisha."

"Wewe kimya. Moto mkali unaamsha upesi na unaua upesi. Ukichelewa dakika tatu umebaki na majivu. Hii ya saa nzima nayo ni ya watu wasio na wagonjwa. Tutakwenda na mia na kumi na tano au sita ya simu yako, dakika arobaini."

"Si ndiyo ile ya katikati niliyosema mimi?"

"Nimesema kimya."

Nikatoa kipimajoto changu cha oveni, nikakitundika kwenye waya wa kati. Kitufe nilikiweka mia mbili na hamsini, kipimajoto kikasoma mia mbili na sabini. Oveni yangu inadanganya, na mimi ninajua inavyodanganya, kwa hiyo nikashusha mpaka sindano ikatulia kwenye mia mbili na arobaini. Nikayapukuchua majani, nikayatandaza membamba kwenye karatasi, nikafunika na foili ili nguvu isipotee na harufu isiende kwa padri.

Harufu ilikwenda kwa padri. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Aliniambia baadaye alidhani ni nyegere, yule mdogo wa huku anayenuka.

Baada ya dakika arobaini majani yalikuwa yamegeuka kahawia, makavu, yanavunjika kwa vidole viwili. Nikayapika kwenye siagi saa mbili kwa moto mdogo, nikachuja, nikapata bakuli dogo tu. Jioni baba akapata nusu kijiko cha chai. Si zaidi. Blaise alitaka kumpa kijiko kizima, nikampiga mkono.

Alhamisi niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa hofu, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Nikakimbilia chumbani kwake. Baba alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, kisha nikafuta uso nikaenda kuleta kuni.

Aliamka saa tatu.

"Murdena," akaita. "Kwa nini uji wako siku hizi una madonge?"

Siku nyingine ningekasirika. Siku ile ningeweza kumbusu. Mchana alicheza karata na Blaise akamfunga mara nne, akamwambia kwamba anacheza kama mtu aliyezaliwa bara. Coletta alisimama mlangoni akamtazama. Nilimpita karibu, nikamsukuma na bega makusudi.

Nilikuwa nimeshinda, wasomaji. Nilikuwa na hakika hiyo. Kilichobaki ni kumpokea mkaguzi.

Na mkaguzi hapokelewi kwa mikono mitupu. Huku kwetu mtu akivuka mlango wa jikoni, hata kama amekuja kukushitaki, anawekewa chai na kitu cha kutafuna. Mama yangu angefufuka kunichapa nikiacha. Nikaamua kuoka biskuti za shayiri.

Nikafungua friji. Siagi hakuna. Nje theluji ilikuwa inashuka tangu asubuhi na duka limefungwa. Kulikuwa na lile bakuli dogo la dawa ya baba, hilo sikuligusa. Na kulikuwa na kopo la Blaise, limejaa, lile la YA BABA.

Nililitazama nikasonya. Baba alikula vijiko viwili vya siagi hii na hakupata hata mwayo. Ilikuwa imekufa. Ilikuwa siagi tu, yenye rangi mbaya na harufu ya bustani. Na nyumbani kwetu siagi haitupwi.

Hata wazo la pili halikunijia. Nawaapia. Nilimdharau Blaise kiasi kwamba sikuweza kuamini mikono yake ingeweza kutengeneza kitu chenye nguvu, hata kwa bahati mbaya.

Nikaitia yote. Nikaongeza molasi kuua rangi na tangawizi kuua harufu. Nikaoka trei mbili, zikatoka nzuri ajabu, kahawia, zinavunjika vizuri pembeni.

Ijumaa saa saba kamili mlango wa jikoni ukagongwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Yvette jina lake, mtu wa kule kwenye visiwa vya Wafaransa. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampa alama moja. Akaweka faili mezani.

"Karibu chai," nikamwambia.

"Asante, mama, nimeshakula."

Siwapendi watu wanaosema wameshakula. Nikamsogezea sahani bila kumjibu. Akachukua moja kwa adabu. Kisha akachukua ya pili bila adabu.

"Mama, hizi umetia nini?"

"Miaka thelathini na mmoja," nikasema.

Hata Coletta akala. Coletta, anayepima wali kwa kijiko! Alikula mbili amesimama, akijidai kwamba anatafuta kitambaa. Baba hakula, meno yake hayaiwezi shayiri. Na mimi sijawahi kula nilichokioka mwenyewe mbele ya mgeni.

Maswali yakaanza. Leo ni siku gani? Mwaka gani? Hesabu kurudi nyuma kutoka mia, saba saba. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, amekaa wima kwenye kiti cha karibu na jiko.

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa," akasema. "Binti, tunaendelea mpaka lini? Chai yangu inapoa."

Yvette akacheka, akaandika.

"Unalala usiku, mzee?"

"Jana na juzi nimelala kama nilivyokuwa nalala nikitoka zamu mbili."

"Unajua dawa zako?"

"Ya asubuhi nyeupe, ya mchana nyeupe yenye mstari. Ya usiku anayo Murdena, ananipimia kwa kijiko kama mchoyo."

Akaandika tena. Akala ya tatu. Nilikuwa namsoma uso, na uso ulikuwa unasema ndiyo. Moyo wangu ukawa mwepesi.

Ndipo Blaise akaingia, theluji kwenye mabega. Akamsalimu mgeni, akaja mpaka kwenye sinki niliposimama. Akaona sahani. Akachukua biskuti, akaigeuza, akainusa.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo. "Umetumia siagi gani?"

"Ile takataka yako. Usiniangalie hivyo, imekufa ile."

"Umeoka kwa moto gani?"

"Mia tatu na hamsini. Biskuti zilikuwa nene, nikaziacha dakika ishirini na tano. Unataka kunifundisha na hilo?"

Akaweka biskuti chini pole pole. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Haikuwa imekufa," akasema. "Haikuwa imeiva. Wewe ndiye umeiivisha."

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Thelathini na mmoja, nikajiambia. Miaka thelathini na mmoja ya kujua joto linafanya nini ndani ya unga, na ilinibidi niambiwe na Blaise.

"Ulitia kiasi gani?" akauliza.

"Kopo zima."

Na mbele yetu, karibu na jiko, baba alikuwa ameacha kunywa chai. Masikio ya baba ni mazima. Ni miguu tu iliyokwisha.

Nikageuka. Yvette alikuwa anatazama kijiko chake. Alikigeuza, akajitazama kwenye mgongo wa kijiko, akacheka peke yake.

"Nina uso mrefu," akasema.

Coletta naye alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, na machozi yanamtiririka.

"Baba asiende," akasema. "Kile chumba ni kibaya. Nilikiona kwenye picha, kina zulia la kijani. Baba abaki kwake. Nani alisema aende?"

"Wewe," Blaise akamwambia.

"Mimi ni mtu mbaya sana," Coletta akasema, akamshika baba mguu.

Siku nane nilikuwa nangojea kusikia maneno hayo. Sasa nimeyasikia, na jasho jembamba linanitoka.

Yvette akapekua faili mpaka ukurasa wa mwisho, akatafuta mstari wa sahihi kwa kidole. Akaukosa. Akautafuta tena.

"Mzee yuko vizuri kabisa," akasema. "Laiti wote wangekuwa hivi. Naandika abaki. Naweka sahihi, halafu nakimbia, mwanangu anatoka shule saa nane na nusu na barabara ni barafu tupu."

Akachukua funguo za gari kutoka mfukoni, akaziweka juu ya faili. Kalamu ilikuwa mkononi.

Ningengoja dakika moja tu. Sahihi iwekwe, kisha niseme. Nililifikiria hilo, sitawadanganya. Lakini huyu mtu, akishasaini, angesimama moja kwa moja, na mimi tayari nilimwona mtoto na mfuko wake wa shule kwenye kiti cha nyuma.

Nikazichukua funguo.

"Usiendeshe," nikasema.

"Kwa nini?"

"Biskuti zina bangi."

Coletta akafuta pua. Yvette akanitazama, akatazama sahani. Nilimwona anazihesabu, moja, mbili, tatu. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Umenilisha," akasema pole pole. "Umenilisha mimi, kazini. Unajua hilo ni kosa la polisi?"

"Ni mimi," baba akasema.

Wote tukageuka.

"Ni mimi, binti. Murdena alikoroga unga, akatoka kuleta kuni. Nikaona siagi ni kidogo. Nikatia ile ya dawa yangu." Akapumua, mapafu yakapiga mluzi. "Nilisahau ipi ni ipi. Siku hizi nasahau."

Muongo. Mtu aliyehesabu saba saba mpaka sabini na tisa na kulalamika kwamba chai inapoa! Alikuwa amesikia kila neno pale kwenye sinki, na alikuwa anajua vizuri sana faili lile linatafuta neno gani. Amelitamka waziwazi, taratibu, akiwa na akili zake zote.

Yvette akafunga macho, akayafungua. Ulevi ulikuwa umemshika lakini kazi yake aliijua. Akarudisha kurasa nyuma, moja, nyingine, akafika mahali penye viboksi.

"Anatia vitu kwenye chakula na hakumbuki," akasema, kama anajisomea. "Hii inabadilisha kila kitu, mzee. Unaelewa?"

"Naelewa," baba akasema.

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na baba. Hakuwa ananiomba, alikuwa ananiamuru.

"Mama," Yvette akaniambia, "nakuuliza wewe. Ndivyo ilivyokuwa?"

Nilifikiria polisi. Nilifikiria jina langu, Murdena wa John Rory, mwokaji, likisomwa mahakamani na watu wanacheka. Niliwaza nani atampikia uji baba nikifungwa, na nikajidanganya kwamba nawaza hilo zaidi ya mengine.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo."

Kalamu ikashuka kwenye kiboksi.

Mkono mkubwa wenye theluji inayoyeyuka ukaja ukafunika karatasi. Ulikuwa wa Blaise.

"Usiandike," akamwambia Yvette. Kisha akanigeukia mimi, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Dada, mwambie ukweli. Au nimwambie mimi."

"Blaise," baba akasema. "Kaa chini."

Blaise hakukaa.